Tezi na Kadiri Zake: Mwongozo kwa Mwenye Kuitunza Siha Yake

Chukua kijiko cha chai, ukiweke mezani mbele yako. Iodini yote anayoihitaji mtu mzima, tangu kuzaliwa kwake hata afikapo umri wa miaka 70, ukiikusanya pamoja haikijazi kijiko hicho; kwani haja yake ya kila siku ni mikrogramu 150 tu, na mikrogramu milioni moja ndizo zifanyazo gramu moja. Lakini mtu akikosa hicho kidogo, shingo humvimba, mwili humpoa, fikira humlegea. Na akiwa ni mama mja mzito, mtoto aliyemo tumboni yamkini akazaliwa na upungufu wa akili usioondoka maisha yake yote. Hilo ndilo jambo ninalotaka msomaji wangu alishike kabla hajaendelea mbele: kwamba tezi za mwili zaenda kwa kadiri, na aghalabu ya maradhi yake ni ya namna mbili, kadiri kuzidi au kadiri kupungua.

Mwongozo huu nawaandikia wasio matabibu. Nimeona, katika jamaa zangu na majirani, watu waliotaabika miaka mingi kwa maradhi ambayo dalili zake zilikuwa dhahiri kama jua la adhuhuri, ila hapakuwa na mtu wa kuzisoma. Wengine wakaambiwa wamerogwa, wengine kuwa ni wavivu, na wengine kuwa ndio uzee umewafikia, ilhali kilichopungua mwilini mwao ni kitu chepesi kuliko punje ya mtama.

Tarishi wa damuni

Tezi za mwili ni za aina mbili. Zipo zenye mifereji, kama zile za mate na za jasho, ambazo humwaga maji yake mahali maalumu. Na zipo zisizo na mfereji wowote, ambazo hukitia ndani ya damu kile zinachokitengeneza, nayo damu ikakichukua hata pembe za mbali za mwili. Hizi za pili ndizo tunazozizungumza hapa, na kile zinachokitoa huitwa homoni. Jina hilo alilitumia kwanza mwanachuoni wa Kiingereza, Ernest Starling, mwaka 1905, akilitoa katika neno la Kiyunani lenye maana ya kuamsha na kuchochea; na miaka mitatu kabla ya hapo yeye na mwenziwe, William Bayliss, walikuwa wamekwisha kuonyesha huko London kwamba utumbo huweza kuipelekea kongosho amri kwa njia ya damu, pasipo msaada wa mishipa ya fahamu.

Basi homoni ni tarishi. Hutumwa na ujumbe mmoja, akapita mbele ya nyumba nyingi asibishe hodi, mpaka aufikie mlango unaomtambua. Hapo hutoa alichotumwa, na kazi ikaanza. Matarishi wakiwa wengi kupita kiasi, wenye nyumba hawapati raha. Wakikosekana, kazi husimama. Kwa sababu hiyo mwili una wasimamizi wa kuwahesabu, na mkubwa wao ni tezi ya pituitari, inayokaa chini ya ubongo, nyuma ya pua, nayo haizidi ukubwa wa mbaazi. Mbaazi hiyo huionja damu usiku na mchana: ikiona homoni ya tezi ya shingo imepungua, huipelekea tezi hiyo amri ya kuongeza, ikiona imezidi, huizuia amri yake. Ujue hilo vyema, maana ndiyo sababu tabibu hupima kwanza amri ya pituitari, iitwayo TSH, anapotaka kujua hali ya shingo: amri ikipanda sana, mara nyingi maana yake ni kwamba tezi ya shingo imechoka na inasukumwa, ikishuka mno, mara nyingi tezi inafanya kazi pasipo kuamriwa.

Pituitari yenyewe ikiharibika, mambo huwa makubwa. Robert Wadlow wa Marekani, ambaye pituitari yake ilitoa homoni ya kukua kupita kadiri tangu utotoni, alifikia urefu wa mita 2.72 kabla hajafariki mwaka 1940, akiwa na umri wa miaka 22. Lakini jambo litupasalo zaidi sisi wenye mama, wake na dada ni lile alilolieleza tabibu Harold Sheehan mwaka 1937: mwanamke akitokwa na damu nyingi mno katika kujifungua, pituitari yake huweza kufa kwa kukosa damu. Kwa hiyo ukimjua mzazi aliyenusurika na damu kubwa, kisha maziwa yasitoke, na baadaye hedhi isirudi, akawa mnyonge na mwenye kuhisi baridi, usimwachie aambiwe kwamba ana shetani. Mpeleke hospitali, na habari ya ile damu iwe ndiyo maneno ya kwanza atakayoyasikia tabibu.

Shingo, na namna ya kuitazama

Chini ya kikoromeo imekaa tezi ya thairoidi, umbo lake mfano wa kipepeo aliyetandaza mbawa, na nyuma yake zimejificha tezi nyingine nne ndogo kama punje za mchele, ambazo kazi yao ni kuilinda kadiri ya kalisi katika damu. Thairoidi ndiyo inayoamua kasi ya mwili: moyo upige upesi kiasi gani, chakula kiunguzwe haraka kiasi gani, na joto la mwili liwe vipi. Homoni yake hutengenezwa kwa iodini, ile tuliyoiweka kijikoni.

Kuitazama ni rahisi. Simama mbele ya kioo penye mwanga mzuri, ukiwa na bilauri ya maji mkononi. Inua kidevu ili kichwa kilalie nyuma kidogo, piga funda moja, na wakati unapolimeza uangalie mahali palipo chini ya kikoromeo na juu ya mitulinga. Ukiona kivimbe kinachopanda na kushuka pamoja na funda, rudia mara mbili tatu, kisha umwonyeshe tabibu. Uvimbe ulio mgumu wa upande mmoja, au unaokua upesi, au uliofuatana na kukauka kwa sauti au taabu ya kumeza, haufai kungojeshwa hata juma moja.

Uvimbe huo wa shingo ndio rovu, na wengine huliita goita. Sababu yake kubwa duniani ni uhaba wa iodini, hasa katika nchi za milima ambazo mvua imekuwa ikiuosha udongo wake dahari na dahari. Ndiyo maana rovu lilienea katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, na ndiyo maana kisiwa cha Idjwi, katikati ya Ziwa Kivu, kilijulikana na wataalamu wa maradhi haya tangu miaka ya 1960. Muhogo mchungu usiotayarishwa vizuri huongeza dhara, kwani sumu yake ikiingia mwilini hugeuka kitu kinachoizuia thairoidi isiipate iodini. Basi ulowekwe na kukaushwa kama walivyofundisha wazee, wala pasiwe na haraka.

Dawa ya rovu hilo imo jikoni. Uswisi ilianza kutia iodini katika chumvi mwaka 1922, na mataifa mengi yakafuata. Nchini Tanzania kanuni za kulazimisha jambo hilo ziliwekwa katika miaka ya 1990, na chumvi hiyo ndiyo watu waiitayo chumvi yenye madini joto. Hapa nataka kuwaonya watu wa pwani, ambao ni watu wangu: msidhani kwamba chumvi, kwa kuwa imetoka baharini, ina iodini ya kutosha. Samaki anayo, chumvi ya mashamba ya chumvi, isipotiwa, ina kidogo mno. Nunua iliyoandikwa kwenye paketi yake kwamba imetiwa madini joto, uiweke katika chombo chenye kifuniko mbali na jua na unyevu, na uitie chunguni chakula kinapokaribia kuiva, kwani iodini hupungua kwa joto la muda mrefu. Wala usiongeze chumvi kwa kutaka kuongeza iodini: chumvi nyingi huleta maradhi ya presha, na iodini iliyozidi nayo huweza kuivuruga tezi.

Rovu huweza kuwapo hata kwa mtu asiyepungukiwa na iodini. Shangazi yangu, mtu wa Tanga, aliyekula samaki siku zote za maisha yake, alikuwa na mkufu wa dhahabu aliovishwa siku ya harusi yake. Mkufu ule, ambao zamani ulilala juu ya mitulinga, ulianza kupanda na kukaa juu ya shingo kama kola. Mwenyewe akasema amenenepa. Kisha tukaanza kumwona amejifunika shuka mchana wa Kaskazi, wakati sisi sote tunapepea kwa vipepeo. Sauti ikawa nzito, maneno yakawa ya taratibu, nywele zikampukutika, choo kikawa kigumu, na wajukuu wakanong'onezana kwamba bibi siku hizi hapendi kazi. Ilipita miaka miwili kabla hatujampeleka kupimwa. Damu ikaonyesha kwamba askari wa mwili wake mwenyewe, ambao kazi yao ni kupigana na vijidudu, walikuwa wamekosea njia wakaishambulia thairoidi, wakaidhoofisha.

Zishike basi dalili za upungufu: baridi isiyo na sababu, uzito wa mwili, uchovu, ngozi kavu, usahaulifu, moyo mzito, hedhi nyingi. Na za kuzidi ni kinyume chake: joto na jasho, moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, kukonda hali mtu anakula sana, kukosa usingizi, na mara nyingine macho kutokeza nje, hali aliyoieleza Robert Graves wa Dublin mwaka 1835. Utataka kujua kama mikono yako yatetemeka? Inyoshe mbele yako, vidole vimetanuliwa, na mtu akuwekee karatasi nyembamba juu yake, karatasi itasema.

Mwenye upungufu hupewa homoni ile ile iliyopungua, yaani levothairoksini, kwa vidonge ambavyo dawa iliyomo huhesabiwa kwa mikrogramu. Imezwe asubuhi kwa maji matupu, tumbo likiwa halina kitu, nusu saa au saa nzima kabla ya chai. Na vidonge vya madini ya chuma au vya kalisi vingoje mpaka zipite saa nne. Mwanamke anayeitumia akijiona mja mzito, amwambie tabibu mara moja, kwa kuwa kadiri yake mara nyingi hupaswa kuongezwa. Naye mwenye kupewa kabimazoli kwa ajili ya tezi iliyozidi, akipatwa na homa au donda la koo, aache kuimeza na aende kupimwa damu siku ile ile, kwani dawa hiyo, ijapokuwa ni nzuri, mara chache huziangusha chembe nyeupe za damu.

Na mtoto mchanga asahauliwe na nani? Mtoto ambaye umanjano wake haukomi, asiyelia sana, anayelala mno hata kunyonya kwake ni kwa kuamshwa, mwenye ulimi mkubwa na kitovu kilichochomoza, watu humsifu kuwa ni mpole. Apimwe thairoidi upesi. Akianzishiwa dawa katika majuma machache ya kwanza, akili yake huokoka, na akicheleweshwa, kilichopotea hakirudishwi.

Kongosho na sukari ya damu

Nyuma ya tumbo la chakula imelala kongosho, ambayo ni ya aina zote mbili: ina mfereji wa kupeleka maji ya kuyeyushia chakula, na ndani yake mna visiwa vya chembe zinazotia insulini damuni. Insulini hufungua milango ya chembe za mwili ili sukari iingie; isipotoka, au milango ikikataa kuitii, sukari hujaa damuni huku mwili ukifa njaa. Ndipo mtu hupata kiu isiyokatika, akaamka usiku mara nyingi kwenda haja ndogo, akakonda, macho yakamwia ukungu, vidonda visipone. Na wazee walijua tangu kale kwamba mkojo wa mtu kama huyo huwaita sisimizi.

Kipimo kisemacho kweli ni cha damu. Sukari ya asubuhi, kabla ya kula, ikifika milimoli 7 kwa lita au zaidi, kwa vipimo viwili, huwa ni kisukari. Na ya wakati wowote ikifika 11.1 pamoja na dalili, vivyo hivyo. Ikiwa mtoto au kijana anakonda kwa siku chache, anatapika, anapumua kwa nguvu na pumzi yake inanuka kama matunda yaliyochacha, usingoje asubuhi. Huyo yumo hatarini usiku ule ule.

Kabla ya mwaka 1922 kijana wa namna hiyo hakuwa na tumaini. Mnamo Januari ya mwaka huo, huko Toronto, Leonard Thompson, mtoto wa miaka 14 aliyekuwa amekonda hata kubaki mifupa, alidungwa maji ya kongosho ya ng'ombe yaliyotayarishwa na Frederick Banting na wenzake. Sindano ya kwanza haikufaa, wakayasafisha zaidi, wakamdunga tena baada ya siku 12, sukari ikashuka, naye akaishi miaka 13 mingine. Kumbuka kisa hiki kila unapomsikia mtu akikuambia uache insulini unywe mizizi.

Insulini ambayo haijafunguliwa hukaa mahali pa baridi, kati ya digrii 2 na 8, wala isigande, iliyogandishwa itupwe. Nyumba isiyo na friji itumie mtungi: uwe wa udongo, utiwe maji chini, chupa iwekwe ndani ya chombo kikavu kisichopitisha maji, mtungi ufunikwe na uwekwe kivulini penye upepo. Haufikii baridi ya friji, lakini huilinda dawa na joto la mchana.

Hatari ya upande wa pili ni sukari kushuka chini ya 3.9. Mgonjwa hutoka jasho jembamba, hutetemeka, moyo humwenda mbio, hukasirika au hunena ovyo. Ikiwa anaweza kumeza, koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari katika nusu bilauri ya maji, anywe yote. Baada ya dakika 15 mpime tena, na kama haijapanda, rudia. Ikipanda, ale chakula. Ikiwa amezimia, usimtie kitu chochote kinywani. Mlaze ubavu, umkimbize hospitali.

Mwenye kisukari anayetaka kufunga Ramadhani amwendee tabibu wake tangu Rajabu au Shaabani, apangiwe upya dawa za futari na daku. Kujichoma kidole kupima hakufunguzi saumu, kwa kauli ya maulamaa wengi. Na sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda juu ya 16.6, afungue papo hapo, kwa kuwa dini imempa mgonjwa ruhusa, na kuikataa ruhusa kwa kuiangamiza nafsi si uchaji. Na kila usiku, ajapokuwa amechoka, atazame nyayo zake na katikati ya vidole, maana mguu uliokufa ganzi hukanyaga mwiba usijue.

Tezi za juu ya figo, na mkorogo

Juu ya kila figo imekaa tezi ya adrenali, kama kofia, nayo hutoa kortizoli, homoni inayomsimamisha mtu wakati wa maradhi na mashaka. Mwaka 1855 Thomas Addison wa London alieleza watu ambao tezi hizo zimekufa: uchovu, kizunguzungu mtu anapoinuka, hamu ya chumvi, na weusi unaoingia ufizini, makovuni na katika mistari ya viganja. Kifua kikuu ni mojawapo ya sababu zake, basi aliyewahi kukiugua asilifiche.

Lakini dhara tunalojitafutia wenyewe ni kubwa zaidi. Krimu nyingi za kujichubua, na mikorogo inayochanganywa mitaani, zina klobetasoli au betametasoni, ambazo ni ndugu za kortizoli zenye nguvu nyingi. Zikipakwa miezi na miaka hupita ngozini hata damuni. Uso huvimba duara, ngozi huwa nyembamba na kufanya michirizi, presha na sukari hupanda. Tena tezi za mtu mwenyewe, zikiona kortizoli tele, hulala usingizi. Na hapo akiacha ghafula, au akiugua, mwili hauna cha kuusimamisha. Vivyo hivyo kwa anayemeza prednisoloni majuma mengi. Kwa hiyo asiyeanza asianze, na aliyekwisha kuanza aende kwa tabibu apunguziwe kidogo kidogo.

Ukienda kwa tabibu

Maradhi ya tezi huja kwa mwendo wa kobe, na kumbukumbu ya mtu hudanganya. Chukua daftari, uandike tarehe uliyoiona dalili ya kwanza, uzito wako wa kila mwezi, siku za hedhi, na dawa zote, pamoja na za miti na za kujipaka. Taja ndugu wa damu wenye rovu au kisukari, kwani mengi ya maradhi haya hufuata ukoo. Omba uandikiwe majibu ya vipimo kwa tarakimu, uyahifadhi. Jibu la mwaka huu halisemi neno kamili mpaka liwekwe kando ya la mwaka jana. Na ukipewa dawa ya maisha, usiihesabu kuwa ni adhabu. Ni kadiri uliyopungukiwa, unarudishiwa.

Shangazi alilijua hilo kwa taabu. Alipokwisha kupata nguvu, na mkufu umerudi kulala mahali pake, alikwenda harusini Pemba akakaa huko siku 40 na zaidi, na vidonge akaviacha nyumbani, akisema mtu mzima wa afya hali dawa. Alirudi akiwa na shuka mabegani. Tangu siku hiyo kikombe cha maji na kidonge chake hukaa juu ya meza ya kusomea, avione mara aamkapo kwa sala ya alfajiri, na siku moja, akiwa amekishika baina ya vidole viwili, aliniambia, "Mwanangu, nilikiacha kwa sababu nilijiona mzima, kumbe nilikuwa mzima kwa sababu yake." Mikrogramu 100 tu, na nyumba nzima ikasikia tena sauti yake jikoni.